Pete Nyeupe na Kilicho Chini Yake

Kila zama na pambo lake. Bibi zetu wa pwani walivaa fedha: furungu miguuni, kekee na timbi mikononi, vipuli na majasi masikioni. Nyingi katika fedha hizo zilifuliwa kwa kuyeyusha reale za Maria Theresa, zile zilizoandikwa mwaka 1780, ambazo wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kihindi walizitumia kama sarafu yao. Mama zetu wakaipenda dhahabu ya manjano, na kila mama akaiweka akiba kwa ajili ya bintiye. Leo mabinti zetu, na hata vijana wetu wa kiume, wanataka pambo jeupe: jeupe kama kioo, lisilopata weusi wa fedha wala halina umanjano wa dhahabu.

Nayaandika haya nikiwa Kayanga, makao makuu ya wilaya ya Karagwe, mwendo mrefu kutoka baharini. Wala msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja asidhani kwamba mambo ya huku ni mengine. Mapambo yanayouzwa hapa hutoka Mwanza, Dar es Salaam, Kampala na Dubai, ndiko yatokako ya kwenu. Na maswali ninayoulizwa hapa ndiyo yale yale yanayoulizwa huko. Kijana anayejiandaa kuoa ameuliza: "Sheikh, pete hii ni nyeupe, si ya manjano, je, mwanamume anaweza kuivaa?" Mama mmoja ameuliza kwa nini pete aliyoinunua nyeupe imegeuka umanjano kabla ya kutimia miaka miwili. Na mwengine ameuliza kama pambo jeupe lina zaka.

Maswali haya ni matatu, lakini mzizi wake ni mmoja. Watu wanakinunua kile wanachokiona, na hawaulizi kilicho chini yake.

RODIAMU NI KITU GANI

Weupe ule unaotuvutia aghlabu si weupe wa pete yenyewe. Ni utando mwembamba wa madini yaitwayo rodiamu. Madini hayo yaligunduliwa London mwaka 1804 na mtaalamu wa Kiingereza, William Hyde Wollaston, alipokuwa akichambua mawe ya platinamu yaliyotoka Amerika ya Kusini. Jina lake limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya waridi, kwa kuwa chumvi zake zina wekundu wa waridi, ingawa madini yenyewe ni meupe.

Rodiamu ni ngumu kuliko dhahabu na fedha, haipati kutu, haigeuzwi rangi na hewa, na asidi nyingi haziiwezi. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1964 za Selsiasi, hali dhahabu huyeyuka kwenye 1064. Kwa ugumu huo sonara hawezi kuifua pete nzima ya rodiamu kama afuavyo dhahabu, wala mkoba wa mnunuzi haungeistahimili bei yake. Kwa hivyo hutumiwa kupakia tu. Sehemu kubwa kabisa ya rodiamu ya dunia huchimbwa Afrika ya Kusini, na sehemu kubwa ya matumizi yake ni katika vichujio vya moshi wa magari. Gari linalobeba kahawa ya Karagwe kwenda Bukoba, kama lina kichujio hicho, limebeba rodiamu nyingi zaidi kuliko iliyo katika vidole vya maharusi wengi.

Ama "dhahabu nyeupe", hapa sikusudii pamba ya Usukuma ambayo wakulima huiita kwa jina hilo. Nakusudia dhahabu ya kweli iliyochanganywa na madini meupe, kama vile nikeli, paladiamu, fedha au zinki, ili umanjano wake upungue. Ikiwa ni ya karati 18, basi katika kila gramu 100 mna gramu 75 za dhahabu safi. Lakini hata baada ya kuchanganywa, haiwi nyeupe kabisa. Hubaki na umanjano hafifu au ukijivu. Ndipo sonara anapoichovya katika rodiamu ili iwe nyeupe ya kung'aa. Basi yule mama ambaye pete yake imegeuka umanjano, pete yake haikuharibika. Imevua kanzu, na mwili wake umeonekana.

MCHOVYO UNAFANYWAJE

Pete hung'arishwa mpaka isibaki na mkwaruzo, ikaoshwa mafuta yote, kisha ikatundikwa kwa waya ndani ya chombo chenye maji ya asidi yaliyoyeyushwa chumvi ya rodiamu. Hupitishwa umeme mdogo, wa volti chache tu, na pete ikafungwa upande wa hasi. Chembe za rodiamu huacha maji na kuganda juu ya pete. Kazi hiyo aghlabu ni ya sekunde au dakika chache.

Na unene wa utando huo ni kiasi gani? Kwa kawaida ni kati ya sehemu ya kumi ya maikroni na maikroni moja, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wako mmoja una unene wa maikroni kama 70. Basi hesabu mwenyewe ni tabaka ngapi zingeingia katika unywele mmoja! Pete ya kuvaliwa kila siku, yenye kukutana na sabuni, mchanga wa kusugulia sufuria na mpini wa jembe, huanza kuvua kanzu hiyo baada ya mwaka mmoja au miwili, na pengine mapema zaidi. Herini, kwa kuwa hazisuguliwi, hudumu zaidi. Kisha lazima pete irudishwe kwa sonara ichovywe upya, na mwenye kukaa mji mdogo kama Kayanga huenda akaifungia safari kazi hiyo.

Hapa tukikosoe kisemo kimoja cha wauzaji. Husema: "Rodiamu ni ghali kuliko dhahabu, basi pete hii ina thamani kuliko ya manjano." Maneno ya mwanzo yana ukweli, kwani mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipita dola 29,000 kwa aunsi moja, wakati dhahabu haikufika hata 2,000. Lakini hitimisho lake si kweli. Rodiamu iliyomo juu ya pete ni miligramu chache tu. Miligramu 3, hata kwa bei ile ya juu kabisa, hazikufika dola 3. Mwenye kuiita pete kwa jina la rodiamu amefanya kama mtu anayempima mwenziwe uzito kwa kanzu aliyovaa.

MICHOVYO HAILINGANI

Msomaji asinifahamu vibaya. Sisemi kwamba kila kupaka ni hadaa. Watu wa pwani wanajua kazi ya kutia bati sufuria za shaba. Shaba tupu ikipikiwa vitu vyenye uchachu hutoa kutu ya kijani yenye madhara, basi fundi huipaka bati kwa ndani ili chakula kisiguse shaba. Na bati lenyewe huchimbwa huku huku, katika vilima vya Kyerwa, ambayo ilikuwa sehemu ya Karagwe kabla ya kuwa wilaya yake mwaka 2012. Sufuria hiyo kila mtu ajua kuwa ni ya shaba, ajua imepakwa bati, na ajua kwa nini. Hapana aliyehadaiwa.

Vivyo hivyo rodiamu juu ya fedha ina manufaa ya kweli. Fedha huingia weusi kwa sababu ya chembe za salfa zilizomo hewani na katika jasho. Ikichovywa rodiamu, hubaki nyeupe muda mrefu. Na juu ya dhahabu nyeupe iliyotiwa nikeli, mchovyo humkinga mvaaji asiguswe na nikeli, kwani wako watu ambao nikeli huwafanyia mwasho na vipele. Kwa sababu hiyo nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kanuni tangu mwaka 1994 ya kupunguza nikeli katika vitu vigusavyo ngozi. Mwenye ngozi ya namna hiyo na ajue kwamba kinga yake itakwisha siku mchovyo utakapokwisha.

Ubaya upo mahali pengine. Weka juu ya kitambaa vitu vitatu: pete ya dhahabu nyeupe ya karati 18, pete ya fedha, na pete ya shaba ya manjano, zote zimechovywa rodiamu. Jicho halitazitenganisha. Uso wake ni mmoja, na thamani zake zinapishana kwa makumi ya mara. Hapo ndipo muuzaji mwaminifu na asiye mwaminifu wanapotengana kwa neno moja tu, nalo ni kueleza au kunyamaza. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mkakasi hauna kosa kwa kupakwa rangi. Aliyekosa ni aliyekuambia kuwa rangi ile ni mti wenyewe.

UFUNDI NAO UNA NENO

Tuliache soko kidogo, tuutazame uzuri wenyewe, kwani pambo ni kazi ya sanaa na lina haki ya kuhakikiwa kama sanaa.

Huku Karagwe zamani palikuwa na mafundi wa madini waliosifika. Mwaka 1876 msafiri Stanley alifika kwa Mukama Rumanyika, akakaa Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa kutoka pwani, yaani wazee wa baadhi yenu mnaosoma. Ameeleza nyumba ya hazina ya mfalme huyo, na ndani yake mlikuwa na mifano ya bata iliyotengenezwa kwa shaba ya manjano, yenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wa shaba. Hukumu ya masanamu ni mlango mwengine, na hapa siufungui. Natazama ufundi tu. Fundi yule alipotaka rangi mbili, alitwaa madini mawili. Bawa ni jekundu kwa kuwa ni shaba nyekundu mpaka ndani. Likwaruze, litabaki jekundu. Lirithishwe vizazi vitatu, halitabadilisha neno lake.

Ufundi wa fedha wa Lamu na wa Oman nao una siri yake. Nakshi huchongwa, na kwa miaka weusi huingia katika mifereji ya nakshi, na sehemu zilizoinuka hung'arishwa na nguo na mikono. Weusi ule ndio unaoisomesha nakshi, kama wino unavyoyasomesha maandishi juu ya karatasi. Sasa wako wanaochukua kikuku cha bibi, wakakisugua na kukichovya rodiamu "kiwe kipya". Weusi hufutika, kila mahali pakawa peupe sawasawa, na nakshi iliyochongwa kwa siku nyingi haionekani ila kwa kukigeuzageuza kwenye mwanga. Tena kila mara pambo linapochovywa upya, kwanza husuguliwa, na kila kusuguliwa huondoa chembe za madini na kuifuta nakshi kidogo kidogo. Baada ya kuchovywa mara nyingi, ua huwa tuta.

Kwa hivyo uamuzi wangu katika ufundi ni huu: rodiamu inafaa juu ya pambo jipya lililo laini, lisilo na nakshi za kina, na linalokusudiwa kung'aa. Juu ya kazi ya mkono ya wazee wetu, ni hasara. Mwenye kikuku cha fedha cha bibi yake na akiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, akifute kwa kitambaa, akiache na weusi wake.

HUKUMU YA PETE NYEUPE

Sasa turudi kwa kijana wetu wa Kayanga. Inajulikana kwa kila Muislamu kwamba Mtume (s.a.w.) amewakataza wanaume wa umma wake kuvaa dhahabu, na amewahalalishia wanawake. Yeye mwenyewe alivaa pete ya fedha, na ndiyo iliyokuwa muhuri wake wa barua. Swali ni hili: je, dhahabu iliyotiwa weupe imetoka katika katazo?

Jambo la kupaka wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii walilizungumza karne nyingi kabla Wollaston hajazaliwa. Walizungumza juu ya chombo cha shaba kilichotiwa maji ya dhahabu, wakatazama: kikiwekwa motoni, je, kutapatikana dhahabu yenye kukusanyika, au hapatapatikana kitu? Walizungumza na kinyume chake, chombo cha dhahabu kilichopakwa shaba, wakahitalifiana, kwa kuangalia kama sababu ya katazo ni dhati ya dhahabu au ni fahari inayoonekana. Nayataja haya ili msomaji ajue kuwa swali letu si geni, na ili asije mtu akaokota kauli moja ya mlango wa vyombo akaifanya ruhusa ya kuvaa pete.

Kwani pete yetu ina mambo matatu. Kwanza, haikupakwa kitu cha kuizuia isitumiwe kama dhahabu. Imenunuliwa kwa bei ya dhahabu, ikaitwa dhahabu, na mwenye kuivaa hupenda ijulikane kuwa ni dhahabu. Pili, utando wake ni wa mwaka au miwili, kisha dhahabu hujitokeza yenyewe kidoleni. Tatu, rangi si dhati. Robo tatu ya pete ya karati 18 ni dhahabu, iwe nyeupe, nyekundu au manjano. Kwa hivyo wengi katika wanavyuoni wa zama hizi walioulizwa wamejibu kuwa dhahabu nyeupe ni dhahabu, na ni haramu kwa mwanamume. Kijana akitaka pete, ipo ya fedha, nayo ndiyo aliyoivaa Mtume wake. Na fedha iliyochovywa rodiamu hukumu yake ni ya fedha. Ama platinamu ni madini mengine, si dhahabu, na wengi hawakuona ubaya kwa mwanamume kuivaa, lakini ahakikishe kuwa ni platinamu kweli, si jina tu.

Katika zaka pia rangi haitazamwi. Kiwango cha zaka ya dhahabu ni kama gramu 85 za dhahabu safi. Mwenye gramu 120 za dhahabu nyeupe ya karati 18 ana gramu 90 za dhahabu safi, basi amefikia kiwango. Kwa madhehebu yetu, pambo la mwanamke la kuvaliwa kwa kawaida halina zaka kwa kauli yenye nguvu, Mahanafi wanailazimisha. Lakini lililowekwa kuwa akiba, na lile linalovaliwa na mwanamume kwa njia ya haramu, lina zaka. Tazama basi hatari ilivyo: aliyedhani pete yake "si dhahabu kwa kuwa ni nyeupe" huenda ameingia makosa mawili kwa wakati mmoja.

Na katika biashara, kila mmoja wetu anaijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta ndani umaji, na juu pamekauka. Akamlaumu mwenye chakula kwa kutouweka umaji ule juu watu wakauona. Hakumlaumu kwa mvua iliyonyesha. Alimlaumu kwa kuficha. Na iko habari ya mkufu wa Khaibar, uliokuwa na dhahabu pamoja na vito. Ulinunuliwa kwa dinari 12, na ulipotenganishwa ilionekana dhahabu yake imepita dinari hizo. Akakataza kuuzwa kitu cha namna hiyo mpaka kitenganishwe. Mafunzo yake ni kwamba kijulikane cha ndani kabla ya kupatana. Muuzaji aliyeuza fedha iliyochovywa kwa jina la dhahabu nyeupe, mnunuzi wake ana haki ya kuirudisha na kurudishiwa mali yake.

MNUNUZI AULIZE NINI

Kwanza, aangalie alama ndani ya pete. 750 ni dhahabu ya karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9, na 925 ni fedha. Alama nayo inaweza kughushiwa, basi isitoshe peke yake.

Pili, aulize: "Chini ya weupe huu kuna nini, na kimechovywa nini?" Asiyeweza kujibu swali hilo asiuziwe imani yako.

Tatu, pambo lipimwe, na vito vihesabiwe mbali. Dhahabu ni nzito: ya karati 18 nyeupe ina uzito wa kati ya mara 14 na 16 ya maji ya ujazo wake, fedha mara 10 na nusu, na shaba ya manjano kama mara 8 na nusu. Uso hudanganya, mizani haina haya. Palipo na shaka, sonara apige tupa kidogo mahali pasipoonekana, kisha ajaribu kwa jiwe na asidi.

Nne, apewe stakabadhi iliyoandikwa aina ya madini, karati, uzito, na kwamba limechovywa. Haya ni ya lazima zaidi pambo likiwa ni mahari. Mzee anayepokea mahari ya bintiye asiseme tu "seti ya dhahabu". Aseme karati na gramu. Binti huyo siku moja huenda akafiwa na mume, akalipeleka pambo sokoni ili alishe mayatima. Siku hiyo weupe hautapimwa. Kitapimwa kilicho chini yake, na kama wazee walinyamaza siku ya harusi, yeye ndiye atakayelipa gharama ya kunyamaza kwao.

Tano, dhahabu kuukuu isibadilishwe kwa mpya kwa kuongeza fedha juu yake, kwani huo ni mlango wa riba. Aiuze ya zamani, ashike thamani yake mkononi, kisha anunue mpya.

Ndugu msomaji, pambeni wake zenu na mabinti zenu, kwani uzuri haukukatazwa, na rodiamu haina kosa lolote. Kosa ni la ulimi unaojua ukanyamaza, na la sikio lisilotaka kuuliza. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika mizani zetu na katika maneno yetu, na ayafanye ya ndani yetu yawe bora kuliko ya nje.

Wallahu aalam.